Mjapani wa Adinani na Mswisi wa Cleopa

Mbinga nzima, saa za kuzamia za bei ya kutisha zilikuwa mbili tu, na wenyewe walijuana. Moja ilikuwa ya Adinani, muuza vipuri vya magari karibu na stendi, ambaye baba yake alipanda kutoka Lindi na marobota ya kanga, akaoa, na pwani hakurudi tena. Ya pili ilikuwa ya Cleopa, mzamiaji mstaafu wa Liuli, chini kule ziwani, aliyekuwa akipanda mjini mara moja kwa mwezi kununua dawa za mifugo na kuonana na watu. Hafidha, fundi saa, ndiye aliyewakutanisha, na kibanda chake kikawa baraza lao.

Hafidha hakuziita saa hizo kwa majina ya viwandani. Alisema Mjapani na Mswisi, kama muuguzi anavyowataja wagonjwa wake, na wenye saa nao wakafuata.

Adinani alimpata Mjapani huko Nagoya, alikokwenda kuchagua Noah na Fuso za mtumba. Siku moja mnada uliahirishwa, akabaki na mchana mzima bila kazi. Akazunguka mitaani mpaka akasimama mbele ya kioo cha duka, akauona mshale wa sekunde ambao haukuruka. Ulikuwa unateleza kuzunguka uso wa saa bila kituo, kimya. Akautazama hadi miguu ikamuuma. Tangu mwaka ule ilikuwa imepita miaka sita, na kila jioni alikuwa akiifuta saa hiyo kwa kitambaa laini cha miwani. Ilitengenezwa kwa titani, ikaandikwa mgongoni kwamba inastahimili maji hadi mita mia mbili. Lakini Adinani hakujua kuogelea. Hata akienda kutawadha aliivua kwanza, akaitia mfukoni.

Cleopa alimnunua Mswisi Durban, alipomaliza mkataba wake wa kwanza wa kusugua matumbo ya meli chini ya maji. Alifanya kazi hiyo miaka ishirini na minne, Dar, Mombasa na huko kusini, na muda wote saa ilikuwa mkononi. Chuma chake kilijaa mikwaruzo. Pete yake ya juu, ile inayozungushwa kuhesabu dakika, ilikuwa ya buluu zamani. Sasa ilibaki na rangi ya majivu. Cleopa aliivaa hata akipalilia mihogo.

"Kaka, tazama mshale huu," Adinani angesema, baada ya shikamoo na habari za nyumbani. "Unateleza. Sasa wa kwako, tik tik tik, kama kuku anadonoa."

"Wangu unadonoa kwa sababu uko kazini," Cleopa angejibu. "Wa kwako unateleza kwa sababu haujawahi kutumwa popote."

Hapo ndipo walipoanzia, na walikuwa na pa kwenda mbali. Adinani alisifu wepesi wa titani. Cleopa alisema mtu akiwa chini anataka kuhisi saa yake ipo. Adinani alisifu namna pembe za kasha zilivyong'arishwa hadi unajiona uso. Cleopa aliuliza ni samaki gani atakayejitazama. Hafidha alikuwa na kimashine cha kusikilizia saa. Akazipima zote mbili, akakuta Mswisi anakwenda mbele sekunde nne kwa siku, na Mjapani hafikishi hata moja.

"Sekunde nne," Cleopa alisema. "Nimewahi kuchelewa Misa kwa sekunde nne?"

Walibishana pia juu ya mikanda. Cleopa alitumia mkanda wa kitambaa kigumu, kipande kimoja kilichopita chini ya saa, cha kukazwa kama mkanda wa begi la jeshi. Alisema pini moja ikikatika, saa inabaki mkononi. Mkanda wa Adinani ulikuwa wa titani, na kifungio chake kilifunguka kwa kubonywa vidole viwili, huku na huku.

"Vidole viwili tu," Adinani alisema kwa fahari.

"Ndiyo ubaya wake," alisema Cleopa.

Hafidha hakuegemea upande. Alichosema ni kwamba Mswisi ukimfungua unaona kila gurudumu lilipo na kazi yake, lakini Mjapani ana springi ya zamani na breki ya kisasa isiyogusa kitu, na yeye asingethubutu kumfungua bila kupelekwa shule kwanza. Kila mmoja kati ya wale wawili aliichukua kauli hiyo kuwa sifa ya saa yake.

Mwezi wa tano, kiufunguo cha pembeni cha Mswisi, kinachozuia maji yasiingie, kilianza kulegea kwa uzee, na Hafidha akasema saa haitazamishwa tena mpaka kipatikane kiufunguo kipya na mpira wake kutoka Dar. Cleopa akamwachia. Alitoka kibandani akijishika mkono mtupu, akamwambia Adinani, "Miaka sita unazungumzia maji, na ziwani kwangu hujafika. Njoo Jumamosi ule samaki, magege."

Adinani akaenda. Aliondoka Mbinga na koti, na alipofika Liuli koti lilikuwa kwenye kiti cha nyuma na shati limemganda mgongoni. Eliza, mke wa Cleopa, alimkaribisha ukumbini, akampa maji ya kunawa na chai. Hajamaliza kikombe, akaja mama mmoja mnene wa miaka arobaini na kitu, kanga mbili kiunoni, akipumua kwa nguvu.

"Shikamoo, mjomba," alimwambia Cleopa. "Injini yangu imezama."

Huyo alikuwa Kunigunda wa Lundo, mwenye boti mbili za kuvulia usipa, dagaa wa ziwa lile. Alieleza akiwa amesimama. Alfajiri, boti yake kubwa ilikuwa inakata kona karibu na majabali, kumbe bolti za kushikia injini zimelegea. Injini ikang'oka, ikaenda chini na kipande cha wavu kilichokuwa kimejisokota kwenye pangaboi. Vijana wake walikuwa na akili. Palepale walifunga dumu kwenye kamba na jiwe, wakaweka alama. Walipopima kamba wakakuta mita ishirini na tatu.

"Usipa wamejaa sasa hivi," Kunigunda alisema. "Bila injini nawatazama tu."

Cleopa akainuka. Aliingia stoo, akatoka na mitungi miwili ya hewa, ambayo alikuwa akijaziwa na kampuni moja ya kuvua samaki wa mapambo, kwa malipo ya kuwafundisha vijana wao. Akakagua mrija, miwani, kipimo cha kina na kipimo cha hewa. Kisha akatazama kiwiko hadi kiganja cha mkono wake wa kushoto, penye alama nyeupe ya saa.

"Muda tu ndio sina," alisema.

"Si tunaweza kuhesabu sisi juu, tukuvute kamba?" aliuliza Adinani.

"Kamba ikinasa kwenye jiwe, mtavuta jiwe. Mzamiaji hukaa na muda wake mwenyewe. Kina kile, nikizidisha, damu inapanda na viputo kama soda iliyotikiswa. Nina miaka sitini, Adinani."

Wakaondoka hivyohivyo kwa boti ndogo ya Kunigunda, na wapiga makasia wanne. Mmoja alijitolea saa yake, ya plastiki, ambayo yeye mwenyewe alikiri hufa mvua ikinyesha. Adinani alikuwa amekaa katikati ya boti, amevalishwa jaketi la kuokolea la rangi ya machungwa, ameshika ubao kwa mikono yote miwili. Maji yalikuwa maangavu kiasi kwamba aliona kivuli cha boti kikienda juu ya mawe, chini kabisa, na hilo lilimfanya aache kutazama. Hakuna aliyemwomba kitu. Cleopa alikuwa anafunga mapezi miguuni kana kwamba saa ya Adinani haimo botini.

Walipolifikia dumu, Adinani akabonya kifungio. Aliitoa saa, akaifuta kwa ncha ya shati, akamnyooshea.

"Ni ya mita mia mbili," alisema.

"Najua," Cleopa alijibu. "Umeniambia miaka sita."

Akaivaa juu ya mkono wa vazi lake la mpira. Ilimtosha barabara. Akazungusha pete, kik, kik, kik, akailinganisha na mshale wa dakika. "Dakika ishirini chini, siongezi. Nitafunga kamba kwenye injini. Nikiivuta mara tatu, mvute kwa pamoja, polepole." Akatia mrija mdomoni, akajiangusha kinyumenyume. Adinani aliona mapovu, halafu mapezi, na kitu kidogo kikimetameta kilichoshuka hadi kikawa cha kijani, kisha hakikuonekana.

Walikaa. Wapiga makasia walizungumza Kinyasa juu ya mambo yao. Kunigunda alikuwa ameshika kamba kama mtu anayempima mgonjwa mapigo ya moyo. Adinani alijikuta anafikiri juu ya kioo cha saa: je, kimekazwa sawasawa? Mtu aliyekikaza kiwandani alikuwa amelala vizuri siku ile? Aliyajua majibu yote, alikuwa akiyahubiri kila mwezi kibandani kwa Hafidha, na sasa hakuna hata moja lililomsaidia.

Kamba ikatikisika mara tatu.

"Haya!" alisema Kunigunda.

Wakavuta. Adinani naye akasimama, akashika nyuma ya mtu wa mwisho, akakaza miguu. Ilikuwa nzito kuliko injini. Mpiga makasia wa mbele alisema pengine imekwama kwenye jabali, wavute kwa mkupuo. Wakavuta kwa mkupuo. Ikaja kidogo, ikagoma. Wakavuta tena, kwa hasira, huku Adinani akihema na kusema "Twende, twende" kama anasukuma gari. Ghafla kamba ikalegea. Wote wakarudi nyuma nusu waanguke, na kuanzia hapo ikapanda kwa urahisi.

Injini ilitokeza, nyeusi, inatiririka maji, na kipande cha wavu kimening'inia kama ndevu. Wakashangilia. Wakaiingiza botini. Kunigunda aliipigapiga mgongo kwa kiganja. Ndipo mmoja akauliza, "Mzee je?"

Mapovu yalikuwa yanatoka palepale, karibu na dumu. Hayakuwa yanasogea.

"Ana muda gani sasa?" aliuliza Kunigunda.

Adinani akatazama mkono wake. Ulikuwa mtupu. Wenye simu walikuwa wameziacha nchi kavu wakiogopa maji. Saa ya plastiki ilikuwa imezimika kwa maji ya kamba. Kwa hiyo watu sita walikaa juu ya ziwa bila mtu hata mmoja wa kuwaambia saa ngapi. Adinani alijaribu kuhesabu kichwani, moja, mbili, akapotea, akaanza upya. Baadaye asingeweza kusema kama zilipita dakika tano au kumi na tano. Mapovu yakaanza kusogea, taratibu, yakaja mpaka chini ya boti, na hapo yakasimama tena muda mrefu. Kunigunda alikuwa anasali kwa sauti ndogo.

Kichwa cha Cleopa kikaibuka upande wa kasia.

Walimvuta ndani. Alikaa chini, mgongo kwenye ubao, mpaka pumzi ilipotulia. Vazi lake lilikuwa limechanika mkono wa kushoto na chini yake damu ilikuwa inatoka pale ngozi ilipochubuka, kuanzia kifundo hadi kwenye vidole. Saa haikuwepo.

"Wavu," alisema hatimaye. "Nilipomaliza kufunga fundo, wavu ukaingia kwenye kifungio cha saa. Sikujua. Nikawapa ishara. Mkaanza kunipandisha mimi na injini pamoja."

Mikono yao yote ilikuwa myekundu kwa kamba.

"Kisu kiko mguu wa kulia, mkono wa kulia ukakifikia, nyie mnavuta. Kikanidondoka. Kupanda kwa mwendo ule, na mapafu yamejaa, nisingefika hapa nikiwa mzima. Nikatazama saa. Dakika ya kumi na moja. Nikabonya pale pawili, ikafunguka, mkono ukatoka. Injini ikaenda zake. Saa ikaning'inia kwenye wavu kidogo, nikanyoosha mkono, ikaponyoka ikaingia katikati ya majabali." Akamtazama Adinani kwa mara ya kwanza. "Naliona lile tundu. Lina giza lakini naliona. Nipe ule mtungi wa pili."

Aliunyooshea mkono.

Adinani akainuka. Boti ikayumba, na mtu mmoja akamwambia akae, baba, utatumwaga. Akapita akishika mabega ya watu, akaufikia mtungi wa pili uliolazwa nyuma, akaukalia.

"Toka hapo," alisema Cleopa.

"Sitoki."

"Adinani, dakika kumi tu. Ile saa najua thamani yake."

"Wewe ndiye uliyeniambia habari ya soda iliyotikiswa."

"Nitakwenda polepole."

"Saa ni ya nani, kaka?"

Cleopa akaligeukia dumu.

"Saa ni yangu, na mimi nasema ikae hukohuko. Jamani, pigeni makasia."

Walimtazama Kunigunda, kwa kuwa boti ni yake. Kunigunda akaashiria ufukweni kwa kichwa, na makasia yakaingia majini. Adinani hakuondoka juu ya mtungi mpaka boti ilipogusa mchanga. Baadaye Eliza alipousikia mkasa huo, alisema asante, shemeji, mara moja tu, akaenda jikoni. Walikula magege kwa ugali wa muhogo. Cleopa alikula kwa mkono wa kulia, wa kushoto umefungwa bendeji, na katikati ya chakula akasema, kama mtu anayetoa ushahidi asioupenda:

"Alama zake zinang'aa kuliko zangu."

Adinani akaacha kutafuna.

"Kule chini kwenye kivuli cha jabali, Mswisi wangu hunilazimu nikodoe macho. Huyu nilimsoma mara moja. Na ule mshale. Nilidhani ningeuchukia. Nilipokuwa ninavutwa niliutazama, ulikuwa unateleza tu, hauna haraka na mtu. Nikajua nina muda wa kufikiri."

"Na kifungio?" aliuliza Adinani.

"Kifungio ndicho kilichoninasa," alisema Cleopa. "Na kifungio ndicho kilichoniachia. Mkanda wangu wa kitambaa usingenasa. Lakini kama ungenasa, nisingeufungua kwa mkono mmoja. Hilo sijui tunaliandika upande wa nani."

Hawakuliandika upande wowote. Adinani alipanda Mbinga jioni ileile, baridi ikamkuta njiani, akasimamisha gari avae koti. Alipopitisha mkono wa kushoto kwenye koti hapakuwa na kitu cha kukwama.

Alijua jambo moja ambalo watu wengine hawakuwa na sababu ya kulijua. Springi ya Mjapani ikiwa imejaa huenda siku tatu bila kutikiswa. Kwa hiyo Jumapili, alipokuwa anafungua duka, saa ilikuwa bado inatembea huko chini, sahihi, inaonyesha majira ya Nagoya yaliyorekebishwa yakawa ya Mbinga. Jumatatu nayo ilikuwa inatembea. Jumanne alasiri alikuwa anamweleza dereva wa Fuso tofauti ya breki za aina mbili, akanyamaza katikati ya sentensi.

"Enhe?" alisema dereva.

"Samahani," alisema Adinani. "Hizi ndizo zinadumu zaidi." Na akaendelea.

Hafidha aliambiwa yote. Hakusema pole sana. Aliuliza kama kiufunguo kilikuwa kimekazwa, akaambiwa kilikazwa, akasema basi maji hayajaingia na hayataingia kwa miaka mingi. Adinani alishangaa namna habari hiyo ilivyomtuliza, kana kwamba ameambiwa ndugu yake aliyehamia mbali ana nyumba ya bati.

Mpira na kiufunguo cha Mswisi vilifika kutoka Dar wiki iliyofuata. Cleopa alikuja akaichukua saa yake, akaipima kwenye ndoo ya maji ya Hafidha, na hakusema anachotaka kuifanyia. Eliza ndiye aliyempigia simu Adinani kumshtaki: mume wake alizama mara mbili pale Lundo, katika siku mbalimbali, kila mara kwa mtungi mmoja na muda wake halali. Tundu aliliona. Lilikuwa refu kuliko alivyodhani, limepinda, na mkono wa binadamu haukufika mwisho wake. Mara ya pili aliingiza fimbo yenye ndoano, akatoa konokono.

Mwezi wa sita mwanzoni, Cleopa akaingia dukani kwa Adinani, siyo kwa Hafidha. Akafungua mkanda, akaiweka saa juu ya kaunta, kati ya plagi na makopo ya grisi.

"Ivae," alisema.

"Kaka, acha mambo hayo."

"Nimekaa nayo miaka thelathini. Haitakufa ikikaa na mtu mwingine. Ivae."

Adinani aliona kwamba akikataa palepale atakuwa amemnyima mzee kitu ambacho si saa. Akaichukua. Ilikuwa nzito, mkono ulihisi umeshikwa. Akakubali kukaa nayo mwezi mmoja.

Siku za kwanza aliiona kama mzigo. Sekunde zake zilimkera, zile hatua ndogondogo. Kisha aligundua kwamba akiiweka karibu na sikio inasikika, na kwamba Mjapani katika miaka sita yote hakuwahi kumwambia neno. Aligundua pia kwamba hakuwa anaifuta. Mikwaruzo ilikuwa mingi kiasi kwamba wa kwake usingeonekana, na hilo lilimpa uhuru wa ajabu: alifungua boneti nayo, alibeba rejeta nayo, na siku moja msikitini alitawadha, maji yakapita juu ya kioo hadi kwenye kiwiko, akamaliza udhu wote ndipo akakumbuka kwamba hakuivua. Alisimama kidogo bombani. Mtu aliyekuwa nyuma yake akamwambia, "Bwana Adinani, tupishe."

Mwezi ulipokwisha, akampelekea Cleopa saa yake kwa Hafidha, ikiwa imefungwa kwenye kitambaa cha miwani.

"Mbona unairudisha?" aliuliza Cleopa.

"Inakimbia sekunde nne kwa siku."

Cleopa alimtazama, akachukua saa, akaivaa. Alikaza mkanda, akalegeza, akakaza tena, mpaka ukalala penye alama yake. Hafidha alikuwa ameinamia saa ya ukutani ya mteja na hakuinua kichwa, ila mabega yalikuwa yanacheka.

"Lakini nzito vizuri," Adinani aliongeza. "Hilo nakupa. Na ile ya kusikika, nakupa pia."

"Nikupe kitu gani mimi?"

"Umeshanipa siku ile. Alama na mshale."

Wakakaa. Kwa mara ya kwanza hawakuwa na saa mbili za kulinganisha, na kwa muda hawakujua waanze wapi. Hatimaye Cleopa aliuliza kama ni kweli Wajapani wametengeneza nyingine, ya mita mia sita, na Adinani akavuta stuli karibu, akasema ni kweli, lakini kwa maoni yake uso wake ni mkubwa mno. Cleopa akasema mkubwa kiasi gani. Hafidha akawasha redio.

Adinani hakununua saa nyingine mwaka ule. Wateja walimuuliza, akawaambia anatumia simu.

Mwezi wa nane alikuwa sokoni Mbinga na mke wake akitafuta usipa wakavu. Muuzaji mmoja, msichana mwenye mdomo mwepesi, alimsifia fungu lake.

"Hawa wa Saani, baba. Hakuna usipa kama wa Saani."

"Saani ndiyo wapi?"

"Lundo huko, kwenye majabali. Wavuvi wamepaita hivyo. Kuna tajiri mmoja wa Dar aliangusha saa ya dhahabu, akazama kuifuata, wakamtoa amezimia. Mke akamkimbia."

Mke wa Adinani aligeuka kumtazama mumewe. Adinani alichukua usipa mmoja, akamkata kichwa kwa meno, akamtafuna polepole, akisikiliza kama ana mchanga.

"Dhahabu?" aliuliza.

"Dhahabu tupu, baba."

"Nipimie sado moja," alisema Adinani.